Tamiflu si dawa ya siku ya nne

Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) litoe mwongozo wake mpya wa kutibu influenza, yaani homa ya mafua, Septemba 2024, maneno yamekuwa mengi kuliko usomaji. Mwongozo huo unashauri kwamba mgonjwa ambaye hali yake si mbaya asipewe oseltamiviri, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Tamiflu. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, unashauri apewe. Watu wameishika sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili, na sasa imezagaa kauli kwamba hata WHO wamekiri dawa haifanyi kazi. Wengine wanauliza swali la haki kabisa: inakuwaje dawa isimfae mtu mwenye influenza isiyo kali, halafu imfae aliye mahututi?

Naona mwongozo huu haujaigeuka dawa. Kinachoonekana kama mgongano kinaelezeka ukiifuata dawa yenyewe, inapita wapi mwilini na inafanya nini ikifika. Oseltamiviri ina kazi moja tu, na kazi hiyo ina muda mfupi sana wa kufanyika. Kwa zaidi ya miaka ishirini wataalamu wamebishana kama inafanya kazi au haifanyi, mara nyingi bila kutaja ni kwa nani na saa ngapi tangu augue. Kwetu Afrika Mashariki, ambako mgonjwa hufika hospitali akiwa ameshapitia duka la dawa mara mbili, suala la saa lina uzito kuliko suala la akiba ya vidonge.

Kirusi cha influenza kina protini mbili zilizochomoza kwenye ganda lake, ndizo hizo H na N tunazozisikia katika majina kama H1N1 na H5N1. H ni hemaglutinini. Hii hunasa kwenye asidi ya sialiki iliyotapakaa juu ya seli za njia ya hewa, na kwa kunasa huko kirusi hupata mlango wa kuingilia. Ndani ya seli hujizalisha kwa wingi, kisha virusi vipya huanza kutoka. Hapo vinakutana na kikwazo: vinanasa tena kwenye asidi ileile, juu ya seli ileile iliyovizaa, kama mashua zilizofungwa gatini. N, yaani neuraminidasi, ni kimeng'enya kinachozikata kamba hizo. Oseltamiviri iliundwa ifanane na asidi ya sialiki katika hatua ileile ya kukatwa, ikajikita kwenye kinywa cha kimeng'enya na kukiziba. Virusi vinabaki vimerundikana pale pale, haviendi kwa seli ya jirani. Sasa tazama dawa hii isichofanya. Haiui kirusi. Haikizuii kuingia kwenye seli. Haifuti kilichokwisha kusambaa, na wala haina habari na kinga ya mwili, ambayo ndiyo hasa inayoleta homa, maumivu ya viungo na ule uchovu wa kushindwa kuinua hata kikombe cha chai. Kwa mtu mzima mwenye afya, virusi hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu tangu dalili zianze, kisha hupungua vyenyewe. Dawa inayozuia kusambaa ikianza kazi wakati usambaaji umekwisha, itazuia nini? Ndiyo maana karatasi ya maelezo ndani ya boksi husema dawa ianzwe ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Safari ya kapsuli nayo ina mambo yake. Mgonjwa hamezi dawa inayofanya kazi; anameza oseltamiviri fosfeti, iliyoongezewa kipande cha kemikali ili iweze kupenya ukuta wa utumbo, kwa sababu umbo linaloziba neuraminidasi, oseltamiviri kaboksileti, halifyonzwi vizuri likimezwa lenyewe. Kipande hicho hukatwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho kaboksilesterasi 1, na angalau asilimia 75 ya kipimo huishia kwenye damu katika umbo linalofanya kazi. Ni kiwango kizuri mno kwa dawa ya kumeza. Zanamiviri (Relenza), iliyotokana na utafiti wa Australia na kuidhinishwa Marekani miezi michache kabla ya Tamiflu mwaka huohuo wa 1999, hulazimu mgonjwa avute unga kwa kifaa maalumu, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Zote mbili zinaziba kimeng'enya kilekile. Tamiflu ilitamba sokoni kwa sababu inamezeka.

Ikishakuwa kwenye damu, kaboksileti hupungua nusu katika muda wa saa 6 hadi 10, na hapo ndipo inapotoka dozi ya miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5. Karibu yote hutoka kwa mkojo bila kubadilika. Kwa hiyo mwenye figo dhaifu lazima apunguziwe: ambaye figo zake huchuja kati ya mililita 10 na 30 kwa dakika hupewa miligramu 30 mara moja tu kwa siku. Kwa upande mwingine, dawa hii haipiti kwenye vimeng'enya vya saitokromu P450, ambako dawa nyingi hukorofishana, zikiwemo baadhi ya ARV na dawa za kifua kikuu. Kwa nchi zenye wagonjwa wengi wanaomeza ARV kila siku, hilo ni jambo kubwa ambalo halitajwi sana. Kuna dawa moja ya zamani ya gauti, probenesidi, inayoziba njia ambayo figo hutumia kuisukuma kaboksileti nje, na hivyo kukipandisha kiwango chake mwilini karibu maradufu. Mwaka 2005, hofu ya mafua ya ndege ilipopamba moto na vidonge vikawa adimu, walitokea waliopendekeza zichanganywe ili akiba iwatoshe watu wengi zaidi, mbinu iliyowahi kutumiwa kwa penisilini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wazo la ujanja, ila halikufika mbali.

Na dozi kubwa zaidi? Wapo madaktari waliodhani mgonjwa mahututi anahitaji maradufu. Jaribio lililofanyika Kusini Mashariki mwa Asia kwa wagonjwa 326 waliozidiwa, wengi wao watoto, likachapishwa mwaka 2013, halikuona faida yoyote ya kuongeza dozi. Ukielewa dawa inavyofanya kazi, hilo halishangazi. Kimeng'enya kikishazibwa, kinachoongezeka ni kichefuchefu.

Hapa ndipo historia ya ugomvi inapoingia. Dawa ilibuniwa na kampuni ya Marekani ya Gilead, ikakabidhiwa kwa Roche ya Uswisi mwaka 1996. Baada ya 2005 serikali tajiri zilianza kujaza maghala. Uingereza peke yake ilitumia pauni milioni 424 kununua Tamiflu. Hoja ya kununua ilitegemea sana uchambuzi wa mwaka 2003 uliodai kwamba dawa inapunguza kulazwa hospitali na matatizo kama nimonia. Uchambuzi huo ulikusanya majaribio 10 ya kampuni, na 8 kati yake hayakuwa yamechapishwa kwa ukamilifu popote. Tom Jefferson na wenzake wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua upya ushahidi wa tiba, walipotaka kuona takwimu zenyewe, walizungushwa miaka. Walipozipata, maelfu kwa maelfu ya kurasa, walitoa matokeo Aprili 2014: kwa watu wazima, dalili huanza kutulia mapema kwa saa 16.8, yaani siku 6.3 badala ya 7. Kichefuchefu na kutapika viliongezeka. Juu ya kulazwa, hawakuona faida.

Waliojibu hawakuwa wajinga pia. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Dobson na wenzake, wa majaribio 9 yenye watu wazima 4,328, ambao uliwaangalia peke yao wale waliothibitika kuwa na influenza kweli. Kwao nafuu ilikuja mapema kwa saa 25 hivi, na matatizo ya kifua yaliyohitaji antibiotiki yalipungua. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi mwingine wa wagonjwa 29,234 waliolazwa katika nchi 38 kwa ajili ya janga la mafua ya H1N1 la 2009 uliona vifo vilikuwa vichache kwa waliopewa dawa za kundi hili, na walioanza ndani ya siku mbili walikuwa na uwezekano wa kufa wa karibu nusu ya walioanza baadaye. Kazi zote mbili zilikuwa na mkono wa fedha za Roche, jambo ambalo waandishi wake walilitaja wenyewe.

Kila upande una tundu lake. Cochrane walihesabu kila aliyeingia kwenye jaribio, awe na influenza au virusi vingine. Ni sahihi ukitaka kujua nini kitatokea dawa ikigawiwa kwa kila anayekohoa. Si sahihi ukitaka kujua inamfanyia nini mwenye kirusi chenyewe. Tena, waliojaribiwa walikuwa hasa watu wazima wenye afya, ambao hawalazwi hata wasipotibiwa. Huwezi kuona dawa ikipunguza jambo ambalo halitokei. Upande wa pili una udhaifu mkubwa zaidi: wagonjwa 29,234 hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Aliyepewa dawa mapema alifika mapema, huenda ana ndugu mwenye gari, huenda hospitali yake ina oksijeni na manesi wa kutosha. Na aliyekufa siku ya kwanza hakupata nafasi ya kupewa kitu. Takwimu zinaweza kurekebishwa, lakini haziwezi kusafishwa kabisa. Majaribio yaliyofuata hayakumaliza ubishi, ingawa yamepunguza eneo lake. Lile la nchi 15 za Ulaya lenye washiriki 3,266, lililochapishwa mwaka 2020, lilionesha nafuu ya siku moja kwa wastani, na siku mbili hadi tatu kwa wazee wenye maradhi mengine waliougua zaidi. Uchambuzi wa 2023 wa majaribio 15 yenye watu 6,295 wasiolazwa haukuona upungufu wa uhakika wa kulazwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni: kwamba Tamiflu ilikuwa utapeli tangu mwanzo, kwamba kampuni ilificha takwimu kwa sababu dawa ni chaki, na kwamba tangawizi na limau vinatosha. Kampuni kukalia takwimu lilikuwa kosa la kweli, na Cochrane walifanya kazi ya heshima kuzifichua. Lakini takwimu hizo zilipotoka hazikuonesha chaki. Zilionesha dawa yenye nguvu ndogo inayopimika, ikitumiwa kwa watu ambao wengi hawakuihitaji, ikiuzwa kwa ahadi ambazo haikuwahi kuzitimiza. Udanganyifu ulikuwa kwenye ahadi. Anayeruka kutoka hapo hadi kusema kimeng'enya hakizibwi amechanganya faili la biashara na faili la maabara. Tangawizi inywewe, sina ugomvi nayo, hasa ikiwa na asali. Ila isitumike kama ushahidi.

Tukirudi kwa WHO, mwongozo unaanza kusomeka. Kwa mtu asiye mahututi tuna ushahidi mwingi kuwa faida ni ndogo: chini ya siku moja au kuzidi kidogo, kwa gharama ya kichefuchefu na pesa. Kwa aliyezidiwa hatuna ushahidi mzuri, na WHO wenyewe wameliweka pendekezo lao kuwa la masharti, lenye uhakika mdogo sana. Mantiki yake naiona hivi: anayelazwa kwa influenza kali mara nyingi huendelea kuzaa virusi kwa siku nyingi kuliko mtu wa kawaida, hasa kinga yake ikiwa imedhoofu, kwa hiyo kazi ya kuziba bado ipo. Na kwa sababu hatari anayoikabili ni kubwa, hata faida ndogo inafaa kujaribiwa. Swali la wale wanaoshangaa linajibika hapo. Muda wa dawa kufaa hufungwa mapema kwa mwenye nguvu, na hubaki wazi zaidi kwa aliye dhaifu. Wala si jambo la kuzuka 2024. Tangu 2017 WHO ilikuwa imeishusha oseltamiviri kutoka orodha kuu ya dawa muhimu kwenda orodha ya ziada, na kuifunga kwa wagonjwa mahututi waliolazwa. Waliopigwa na butwaa mwaka 2024 walikuwa wamechelewa miaka saba.

Mwongozo una kingine ambacho vichwa vya habari vilikiruka. Kwa mgonjwa asiye mahututi lakini aliye katika hatari kubwa, unapendekeza baloksaviri (Xofluza) ya kampuni ya Japani ya Shionogi, iliyoidhinishwa nchini humo Februari 2018. Hii haihangaiki na neuraminidasi. Inaingia kwenye mtambo ambao kirusi hunakilia jeni zake na kukizuia kisiibe vipande vya RNA ya seli kinavyovihitaji kuanzisha kazi, kwa hiyo inakamata hatua ya mapema zaidi. Hukaa mwilini muda mrefu, ikipungua nusu kwa takriban saa 79, na ndiyo maana humezwa mara moja tu. Isimezwe pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, kwani madini yaliyomo humo huinasa isifyonzwe. Dalili inazifupisha sawasawa na oseltamiviri, hakuna cha ziada. Inashinda kwa kushusha virusi haraka, na jaribio lililochapishwa mwaka 2025 limeonesha kuwa anayeitumia huambukiza watu wa nyumbani kwake kidogo zaidi, kwa karibu theluthi. Dosari yake ni usugu: katika jaribio kuu la 2018, karibu asilimia 10 ya waliopewa walibeba virusi vilivyobadilika mahali ambapo dawa hujishikiza. Kwa oseltamiviri historia ya usugu ni ya ajabu zaidi. Mabadiliko ya kijeni yaitwayo H275Y, yanayokifanya kirusi kisiisikie dawa, yaligunduliwa yakienea Norway mapema 2008, nchi ambayo dawa yenyewe ilikuwa haitumiwi sana, na kufikia majira ya baridi ya mwaka huo virusi vya H1N1 vya msimu vya Afrika Kusini vilikuwa vimeshakuwa sugu. Kilichotuokoa ni kirusi kipya cha 2009 kilichokisukuma kile cha zamani kando, kikiwa bado kinaisikia dawa. Hapo hakuna sera iliyofanya kazi. Ilikuwa bahati.

Yote haya yana maana gani kwa Mwanza, Mombasa au Bukavu? Mtu yeyote aliyewahi kukaa kaunta ya duka la dawa anayajua mazungumzo haya. Mama anaingia, leso imefungwa kichwani, sauti imekauka: "Mwanangu, nipe dawa ya mafua, lakini iwe kali." Yamekuanza lini, mama? "Leo siku ya nne." Ameshameza Panadol, ameshameza piritoni, na amoksilini iliyobaki kwenye dozi ya mjukuu. Ikiwa dukani kuna Tamiflu na mwanawe wa Dar es Salaam katuma pesa, atauziwa, na itakuwa imetupwa. Atapona siku ya saba, ataisifu dawa, na jirani yake atakuja kuiulizia siku ya tano. Upande wa kliniki hali haina tofauti kubwa. Mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na ni vizuri; kipimo kikisema hapana, mara nyingi anayefuata ni antibiotiki. Mwongozo wa WHO unashauri dhidi ya antibiotiki kwa influenza isiyo kali isiyo na dalili za bakteria, na kwetu sentensi hiyo ingeokoa zaidi kuliko ile ya oseltamiviri. Maabara za Entebbe na Nairobi zimepima influenza kwa miaka mingi na kutuonesha kuwa ipo kwetu karibu mwaka mzima. Kupimwa huko kunamfaa mchoraji wa ramani ya virusi. Kwa mgonjwa mwenyewe, jibu huja akiwa ameshapona au ameshazikwa.

Mwishoni mwa 2024, Panzi, katika jimbo la Kwango nchini Kongo, palikuwa na ugonjwa usiojulikana. Kati ya Oktoba 24 na Desemba 5 ziliripotiwa kesi 406 na vifo 31, wengi wao watoto. Baadaye ikaonekana ni mchanganyiko wa maambukizi ya kifua, influenza ya H1N1 ikiwemo, pamoja na malaria, kwa watoto waliokuwa na utapiamlo mkali. WHO ilieleza kwamba kufika huko kwa barabara kutoka Kinshasa kunachukua takriban saa 48. Ni saa zilezile za kwenye karatasi ya boksi. Ukiwa waziri, unaweza kununua vidonge milioni moja na kuvihifadhi Kinshasa, na kwa mtoto wa Panzi vitakuwa kama havipo. Lakini dozi chache kwenye makabati ya hospitali za rufaa za mikoa, na ruhusa kwa daktari kuanza kumpa mgonjwa mahututi kwa kushuku tu bila kusubiri maabara, ni jambo la gharama ndogo na linaloendana na dawa ilivyo. Akiba ya aina hiyo ndiyo ningeitetea. Ile ya maghala ya Uingereza ilikuwa na kitu cha kuisindikiza, yaani simu, mfumo wa kutathmini dalili na njia ya kumfikishia mgonjwa kidonge siku hiyohiyo. Tukiiga ghala bila hivyo, tutanunua tarehe ya kuisha muda.

Kinachobaki wazi ni swali ambalo WHO wamelijibu kwa masharti: je, kwa aliyezidiwa, dawa inaokoa maisha au haiokoi? Haliwezi kumalizwa kwa kuhesabu upya majaribio ya 1998. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotuonesha wakati wa UVIKO-19 kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ya chini kabisa, inaokoa watu, limeongeza kundi la influenza linalopima oseltamiviri na baloksaviri kwa wagonjwa waliolazwa, kwa kugawanywa kwa bahati nasibu. Wakati wa UVIKO, hospitali za Ghana na Afrika Kusini zilishiriki. Wodi zetu zina wagonjwa ambao hawafanani na wa Ulaya: watoto wenye utapiamlo, watu wanaoishi na VVU, waliowahi kuugua kifua kikuu, na wengi wanaofika siku ya nne. Matokeo ya Uingereza hayatatuambia lolote la uhakika juu yao, na hakuna kampuni itakayolipia jaribio la dawa ambayo sasa inatengenezwa na viwanda vingi vya India kwa bei ya kawaida. Wizara zetu zikitaka jibu, zitalazimika kuandikisha wagonjwa wake zenyewe.